Mamadou hakuwa peke yake

(Maneno niliyoyasema Goma, mashariki mwa Kongo, tarehe 2 Januari 2024, mbele ya vijana na wazazi wao, miaka kumi baada ya kifo cha Kanali Mamadou Ndala. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Wazee wetu, mama zetu, vijana wetu, hamjambo.

Walioniita waliniambia, "Mwalimu, tuzungumzie shujaa wetu, robo saa tu." Robo saa ni ndogo, na mwalimu akishika chaki hajui kuiweka chini. Mkiona nazidisha, mnikoholee.

Ila niseme mapema ili asiwepo wa kulalamika baadaye: leo sikuja na habari za shujaa. Shujaa mnamjua. Picha yake mmeiona imebandikwa kwenye moto, hizi pikipiki zetu, jina lake wamepewa watoto, na kila mtu mtaani ana hadithi yake ya jinsi Mamadou alivyopigana, hata yule ambaye mwaka 2013 alikuwa Kampala akiuza nguo. Mimi nataka tumzungumzie mtu mwenye kazi. Kazi yake ilikuwa kuongoza batalioni moja, batalioni ya 42 ya makomando, katika vile Vikosi vya Kujibu Haraka ambavyo jeshi letu huviita URR kwa kifupi.

Hapo kwenye neno "batalioni" ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Batalioni kwenye karatasi ni watu mia sita, mia saba, pengine mia nane. Ndani yake mna kompani, ndani ya kompani mna platuni. Juu yake kuna brigedi au rejimenti, na juu zaidi wapo wakubwa wa mkoa wa kijeshi, halafu Kinshasa. Sasa tazameni mahali anaposimama kamanda wa batalioni. Kapteni aliye chini yake anaona kilima kimoja, kile anachokipigania. Jenerali aliye juu yake anaishi na ramani, na ramani haivuji damu. Kamanda wa batalioni yuko katikati. Sikio moja linasikia risasi zenyewe, sikio la pili limebana redio ya wakubwa. Ni mtu wa mwisho katika ngazi ile anayeweza kuwajua askari wake kwa sura: huyu ana homa, yule mke wake amejifungua juzi, huyu usimpe zamu ya usiku kwa sababu amelewa.

Tena ni yeye anayelaumiwa. Chakula kisipofika, askari aliye kwenye shimo hamlaani waziri, maana hajawahi kumwona. Anamtazama kamanda wake. Anamtazama tumbo.

Mnacheka, lakini si utani. Jeshi letu lina ugonjwa wake, na haukuanza jana: askari hewa. Jina lipo kwenye orodha, mtu hayupo, mshahara unatoka, unaliwa. Hata wa askari aliyepo unaweza kupita mikono minne ukamfikia umekonda. Kamanda akila posho ya askari wake, askari atakula kuku wa raia. Akiimaliza yote, askari atakula na mbuzi. Mambo mengi tunayoyaita "utovu wa nidhamu" huanzia kwenye bahasha, siku nyingi kabla ya risasi ya kwanza.

Kwa hiyo mtu akiniambia kamanda fulani anaheshimika, kabla ya kumwuliza ameteka vilima vingapi, huuliza askari wake walikula nini.

Maisha yake kwa ufupi. Alizaliwa Desemba 1978 huko Ibambi, Haut-Uélé, mbali sana na mawe yetu haya meusi ya volkano. Mtu wa msitu. Mwislamu. Alipokufa alikuwa na miaka 35. Nawaona hapa vijana wenye miaka 28, 30, wanaosema bado wanajipanga. Sitasema zaidi.

Turudi mwaka 2012, kwa sababu bila 2012 huwezi kuelewa kwa nini mji mzima ulimpenda kanali mmoja mpaka ukamfungia barabara.

Tarehe 20 Novemba 2012 Goma ilianguka. Wengine wenu mlikuwa mgongoni mwa mama zenu, mkielekea Gisenyi, upande wa Rwanda, au mkishuka na barabara ya Sake. Waasi wa M23, wale waliochukua jina lao kutoka mkataba wa tarehe 23 Machi 2009, waliingia mjini, na askari wa Umoja wa Mataifa walikuwepo, na magari yao meupe yalikuwepo, na mji ukachukuliwa mbele yao. Wataalamu wa Umoja huohuo wa Mataifa walikuwa wameshaandika kwamba nyuma ya M23 kulikuwa na mkono wa Rwanda. Kigali ikakana. Sisi tulikuwa sokoni tukitafuta unga.

Lakini lililotuumiza zaidi lilikuwa jeshi letu wenyewe. Lilirudi nyuma hadi Minova, kandokando ya ziwa. Na pale Minova, mwishoni mwa Novemba ileile, wanaume waliovaa bendera yetu begani waliwabaka wanawake na kupora nyumba. Waasi hawakuwepo Minova siku hizo. Walikuwa ni wetu. Kesi ilikuja kufanyika, washtakiwa 39, na hukumu ilipotoka Mei 2014, waliotiwa hatiani kwa ubakaji walikuwa wawili. Wawili! Mama zetu wa Minova wanajua kuhesabu kuliko mahakama.

Nawakumbusha Minova leo, siku ya Mamadou, kwa makusudi. Jeshi lililofanya yale ndilo lililokuja kupigiwa vigelegele miezi kumi na mmoja baadaye. Sare zilikuwa zilezile. Mshahara sidhani kama uliongezeka hata wa kununua sabuni. Basi ni nini kilichobadilika katikati?

M23 walitoka Goma mwanzoni mwa Desemba 2012 baada ya mazungumzo, lakini hawakwenda mbali. Walikaa hapo juu, Kibati, Kibumba, tukilala tukijua wanatuona taa zikiwaka. Ndipo vikaja vikosi vipya na makamanda wapya. Mamadou alikuwa mmoja wao. Tulianza kumsikia mapigano ya Mei 2013 yalipotokea upande wa Mutaho, na tarehe 14 Julai yalipolipuka tena palepale Mutaho, kisha Kanyaruchinya, kila mtu mjini alikuwa analijua jina.

Kwa nini yeye, na makamanda walikuwa wengi? Alionekana. Ni jambo dogo, lakini kwetu lilikuwa geni. Tulizoea maofisa wanaotupita na vioo vimepandishwa, unaona kivuli cha kofia tu. Huyu alisimama barabarani na sare yake ya mabaka, akazungumza na waandishi wa habari huku milio inasikika nyuma yake. Akiulizwa, anajibu. Waandishi wakipanda hadi mstari wa mbele, wanamkuta huko. Mji uliokuwa umezoea kudanganywa na taarifa za redio ukapata mtu wa kumwangalia usoni.

Sasa niwape kitu nilichokiona kwa macho yangu, kisha tutaendelea.

Agosti ile, vita ilipokuwa Kibati, wanawake wa mitaa ya juu walikuwa wakiwapelekea askari chakula na maji. Hakuna aliyewaamuru. Mmoja anapika sombe, mwingine maharagwe, huyu ana bidoni la maji, yule mikate kwenye mfuko, wanapanda kwa miguu hadi Munigi. Jirani yangu, mama muuza maparachichi, naye alipanda na beseni lake kichwani, ila yeye alikwenda kuuza, si kugawa. Ana watoto sita. Nilimsindikiza kwa sababu mvulana wake alikuwa mgonjwa na njia haikuwa salama.

Tulipofika, kijana mmoja askari akainuka kando ya barabara. Macho mekundu ya kukosa usingizi, viatu vimepasuka puani. Akachagua maparachichi mawili, akayaminya kwa kidole gumba, taratibu, akalirudisha moja, akachukua jingine. Nikamwona mama anaanza kufunga kitambaa juu ya beseni, maana alishajua mwisho wa hadithi hii. Askari wetu hachagui halafu akalipa. Huchukua, na ukiuliza unaulizwa wewe ni nani.

Kijana akatia mkono mfukoni, akatoa noti ya faranga mia mbili. Ilikuwa imekunjwakunjwa, imelowa jasho, karibu ikatike katikati. Akampa.

Tuliteremka. Kwa muda mrefu mama hakusema kitu. Tulipokaribia mjini akaniambia, "Mwalimu, amenilipa." Nikasema, ndiyo, nimeona. Hatua kumi mbele: "Amenilipa, yule." Na alipofika kwake, akiteremsha beseni, akasema tena, sasa akijiambia mwenyewe.

Sikumwuliza yule kijana ni wa batalioni gani. Lakini mtu akiniuliza ni siku gani nilianza kuamini kwamba vita ile tungeshinda, nataja faranga mia mbili. Mizinga niliisikia kama kila mtu. Askari aliyepewa pesa yake, aliyekula, ambaye kamanda wake akisikia ameiba atamwita jina mbele ya wenzake, huyo anaweza kushika kilima. Mwizi ana vitu vya kukimbilia.

Lakini tusipake rangi. Julai ileile zilitoka habari na picha za maiti za waasi zikidhalilishwa na askari wa upande wetu, na Umoja wa Mataifa ukalalamika hadharani. Wengi hapa mjini walijifanya hawajaona. Nidhamu ninayoisifia haikuwa shuka jeupe. Ilikuwa inashonwa vita ikiendelea, na pengine uzi ulikatika.

Katikati ya Julai kukavuma kwamba Mamadou anaitwa Kinshasa. Mnakumbuka? Watu waliingia barabarani. Wamotari, wanawake, vijana wa vyuo, mawe katikati ya njia. Mji uliokuwa na njaa, na vita mlangoni, unaandamana ili kanali asihamishwe!

Nilikuwa miongoni mwao, na sijutii. Ila nimekuwa nikiifikiria siku ile kwa miaka kumi, na kila mwaka inanitia wasiwasi zaidi. Katika jeshi lililo sawa, kanali huhamishwa. Anakuja mwingine, batalioni inaendelea kula na kulala na kupigana kama jana. Sisi tulijua moyoni kwamba akitoka huyu, hakuna uhakika atakayefuata ni mtu wa namna gani. Tuliandamana kwa mapenzi, kweli, lakini pia tulikuwa tunaungama, bila kujua, kwamba hatuna jeshi. Tuna bahati, na bahati yetu ina jina la mtu. Na mtu akishakuwa bahati ya mji mzima, maadui zake hawahesabiki, wa mbele na wa nyuma.

Wakati huohuo, kazi yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu kwenye vijiwe hili halisemwi. Mkoa wa kijeshi wa 8 ulikuwa chini ya Jenerali Lucien Bahuma, mtu mkimya, na mipango mikubwa ilipitia kwake. Kulikuwa na vikosi vingine vya makomando, kulikuwa na mizinga, kulikuwa na vifaru. Baraza la Usalama lilikuwa limepitisha azimio namba 2098 mwezi Machi 2013, likaunda brigedi ya kuingilia kati yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Hao hawakuja kutazama kwa darubini. Na M23 wenyewe walikuwa wamepasuka mwanzoni mwa mwaka, upande wa Makenga na upande wa Ntaganda, wakubwa wao wawili, wakapigana wao kwa wao, mpaka Machi 2013 Ntaganda akajisalimisha katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali. Wafadhili nao walikuwa wamekaza mkono kwa Rwanda. Yote hayo yalikuja pamoja. Mamadou alikuwa ncha ya mkuki, na ncha ikichomoka kwenye mti wake unabaki na kipande cha chuma mkononi.

Mwishoni mwa Agosti mabomu yalianguka mitaani kwetu, Ndosho na kwingineko, yakaua watu nyumbani mwao. Kisha vilima vya Kibati vikachukuliwa, pamoja na kile cha Antena Tatu ambacho waasi walikuwa wakikitumia kutuchungulia. Tarehe 28 Agosti, Meja Khatibu Mshindo wa jeshi la Tanzania aliuawa kwenye vita hivyo. Alikuja kutoka kwao, akafa kwa ajili ya Munigi yetu. Barabara yenye jina lake hapa Goma sijaiona.

Oktoba mambo yalikwenda mbio. Ijumaa tarehe 25 vita vikaanza Kibumba. Jumapili tarehe 27 Kiwanja na Rutshuru zikakombolewa, na siku hiyo hapo Kiwanja akafa Mtanzania mwingine, Luteni Rajabu Mlima. Jumatatu Rumangabo, kambi kubwa. Jumatano tarehe 30, Bunagana, mpakani na Uganda. Siku sita, barabara yote! Nilikuwa darasani, nikaacha somo, nikachora barabara ubaoni, na kila habari ikiingia tulisogeza chaki. Vikabaki vilima vitatu, Mbuzi, Chanzu na Runyonyi. Jumanne tarehe 5 Novemba M23 wakatangaza kwamba wameacha vita.

Watu walicheza barabarani. Wanawake walitandika vitenge chini ili magari ya jeshi yapite juu yake. Mimi nililia, na mke wangu ni shahidi.

Kisha akapelekwa Beni, kaskazini mwa mkoa wetu.

Huko vita ilikuwa ya namna nyingine. ADF ni kundi lililotoka Uganda, likaota mizizi kwenye misitu ya chini ya Ruwenzori tangu miaka ya 1990. Hawa hawashiki vilima, hawana antena wala mstari wa mbele. Wameoa pale, wanafanya biashara ya mbao na dhahabu, wana watu wanaowajua sokoni, na, kama tulivyokuja kuambiwa mahakamani, wana watu wanaowajua hata ndani ya jeshi. Krismasi ya 2013 walivamia Kamango. Operesheni kubwa ilikuwa inaandaliwa dhidi yao, ile iliyoitwa Sukola, neno la Kilingala lenye maana ya kuosha. Jina zuri. Tatizo la kuosha ni kwamba huanzi na nguo ya jirani.

Alhamisi, tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou alitoka Beni mjini kwa gari, akielekea upande wa kaskazini. Hakufika mbali. Karibu na uwanja wa ndege, eneo la Ngadi, gari lake lilipigwa kwa roketi, likashika moto. Hapakuwa porini, ni kando ya mji, mahali ambapo watu wanapita na mizigo yao kwenda shambani. Mtu aliyenusurika Kibati na Kibumba, kwenye mvua ya mabomu, aliuawa barabarani.

Kwanza tuliambiwa ni ADF, basi. Mji haukukubali. Goma na Beni watu walitoka nje wakilia na kupiga kelele, na walichokuwa wakikisema hakikuwa juu ya ADF. Kuna methali yetu inayohusu nguo na mdudu aliye ndani yake, mmeisikia mara mia wiki ile, sitairudia.

Kesi ilisikilizwa palepale Beni, mbele ya mahakama ya kijeshi, kuanzia Oktoba 2014. Tarehe 17 Novemba 2014 hukumu ikasomwa: luteni kanali mmoja wa jeshi letu akahukumiwa kifo kwa kushiriki katika mauaji yale pamoja na ADF. Wengine wakapewa vifungo, wengine wakaachiwa. Watu wengi mpaka leo wanasema mizizi haikufikiwa, palikatwa tawi. Mimi si hakimu. Ninachokisoma kwenye hukumu ile kinanitosha kukosa usingizi: kwamba mahakama ya jeshi lenyewe imesema afisa wa jeshi alisaidia kumwua kamanda wa jeshi.

Alizikwa Kinshasa, umati ukiwa mkubwa. Siku kumi na nne baada ya kifo chake Sukola ikaanza, chini ya Bahuma. Mwishoni mwa Agosti mwaka huohuo Bahuma naye akafariki kwa ugonjwa, hospitalini Afrika Kusini. Katika miezi minane tukawa tumewapoteza wote wawili, yule aliyeonekana na yule aliyepanga. Na Oktoba 2014 mauaji ya raia wa Beni yakaanza, kwa mapanga na mashoka, kijiji baada ya kijiji. Miongoni mwa mahali pa kwanza kulia lilikuwa eneo lilelile, Ngadi.

Nilisema tusipake rangi. Basi tutazame leo, Januari 2024. Bunagana, ile iliyokombolewa tarehe 30 Oktoba 2013, ilianguka tena tarehe 13 Juni 2022. M23 wamerudi kwenye barabara ileile niliyoichora ubaoni, na safari hii chaki inarudi kinyumenyume. Kanyaruchinya, ambako batalioni ya 42 ilisimama, leo ni mahema: turubai nyeupe juu ya mawe ya lava, watu waliokimbia Rutshuru na Kibumba, watoto wanaohara, foleni ya maji. Wengine kati yenu mmelala huko usiku wa jana na mmekuja hapa kwa miguu kusikiliza habari za ushindi. Nawaomba radhi kwa hilo.

Kila nikizungumza na vijana, lazima mmoja aniulize: "Mwalimu, lini tutampata Mamadou mwingine?" Nimemwona pale nyuma ameshainua mkono, namjibu kabla hajauliza.

Mwanangu, akina Mamadou wapo. Sasa hivi tunavyoongea, kuna meja au luteni kanali mahali fulani, Sake au Masisi au Eringeti, anagawa sukari kwa kijiko ili iwatoshe watu wake, na mshahara wao anaufikisha wote. Humjui. Huenda hutamjua, kwa sababu hajapata mizinga wala jenerali wa kumpangia wala chakula kinachofika kwa wakati, na askari wake nusu ni majina kwenye karatasi ya mtu mwingine. Unaniuliza lini atakuja mtu. Mimi nauliza orodha ya mishahara ya batalioni yake iko wapi, na nani anaikagua. Najua swali langu halina wimbo. Halibandikwi kwenye moto.

Naona mzee pale ameanza kukohoa. Asante mzee, nimesikia.

Walioandaa mkutano huu wamepanga tusimame dakika moja kwa ajili yake. Tutasimama. Ila kabla ya kusimama nina swali la mtihani, na nimewauliza hata walimu wenzangu. Katika gari lile, siku ile, Kanali Mamadou hakufa peke yake. Walinzi wake wawili walikufa pamoja naye. Nani hapa anajua majina yao?

(Ukumbi ulikaa kimya. Mwanamke mmoja mbele alitikisa kichwa.)

Hata mimi. Miaka kumi nafundisha historia ya mji huu. Basi tusimame, na tuhesabu watatu.